Kitufe cha Kulia

Mosocho, Kisii
12 Machi 1978

Dada Adoyo,

Barua yako imefika Ijumaa, imelowa pembeni lakini maneno yote yanasomeka. Huku tunapumua wote. Mvua imeanza mapema na njia ya Nyakoe imekuwa uji.

Habari ya vijana wa Manchester wanaocheza mpira mkononi, kwenye kisanduku chenye taa nyekundu, nimeisoma mara nne. Tangu tulipoachana chuoni Nairobi, wewe ukaenda Uingereza na mimi nikarudi kufungua redio za watu hapa Mosocho, sijatamani kitu namna hii. Nakitamani kwa ajili ya mdogo wangu.

Unamkumbuka Nyasani, yule winga aliyekubebea sanduku ulipotutembelea. Hachezi tena. Mwaka jana beki mmoja wa Marani, mchinja nyama anayeitwa Ogari, alimvunja mguu kwa teke ambalo refa aliliita la mpira. Mimi nilikuwa kando ya uwanja, nikausikia mfupa. Ulifungwa vibaya, ukaunga vibaya. Sasa Nyasani ana miaka ishirini na minne na kazi yake ni kukaa mlangoni pa duka langu akitafuta ugomvi. Wiki iliyopita mtu alimwita kiwete, akamchapa kwa mnyororo wa baiskeli mpaka sikio likaning'inia. Nilimtoa kituo cha polisi kwa kubembeleza.

Nisaidie niunde kisanduku hicho. Kiwe cha watu wawili, kila mmoja ashike upande wake. Kazi ya mbao, waya na taa niachie mimi. Nitumie prosesa tu. Na nataka yenye nguvu, ile ya biti nane uliyoniandikia inayoendesha kompyuta za mezani. Tusifanye kitu cha kitoto.

Dada yangu Bathsheba anakusalimu. Bado anafundisha darasa la tano na bado anatuchapa sote kwa macho.

Walter Mogire


Manchester
2 Aprili 1978

Mogire,

Wewe fundi mzima, unataka kumfunga ng'ombe kwenye toroli la mtoto. Prosesa ya biti nane ina nguvu, kweli. Lakini haitembei peke yake. Inataka chipu ya kumbukumbu, chipu ya kuhifadhi programu, na nyingine ya kuziunganisha na taa. Zote hizo zinakula umeme. Ukiziweka kwenye kisanduku cha mkononi utahitaji mawe sita makubwa ya tochi, na yatakwisha kabla kipindi cha kwanza hakijaisha. Huko kwenu hakuna hata waya wa umeme. Utachomeka wapi, kwenye mgomba?

Sikiliza. Wanaotengeneza vitu hivi hapa hawatumii prosesa kubwa. Wanatumia ile ndogo ya biti nne, ya vikokotoo. Ni ya polepole na kichwa chake ni kidogo: inashika amri elfu moja na ishirini na nne, basi. Lakini kila kitu kimo ndani yake, programu, kumbukumbu, njia za taa na za vitufe. Mawe manne madogo yanaiendesha wiki tatu. Kwa kitu cha mkononi, nguvu ni kudumu.

Nina bahati. Kiwanda kidogo ninakofanyia mafunzo kilitaka kutoa mchezo wa mpira wa watu wawili. Programu niliiandika mimi, nikishirikiana na mzee mmoja anayenuka tumbaku. Zikatengenezwa chipu mia mbili za majaribio, halafu wakaamua wasiendelee. Zimebaki tu kwenye kabati. Nakutumia tatu ndani ya kopo la kahawa, na mchoro wa saketi.

Kila upande una vitufe vitatu: juu, chini, piga. Mpira ni taa inayotembea. Mwambie Nyasani aache mnyororo wa baiskeli.

Adoyo


Mosocho
11 Juni 1978

Dada Adoyo,

Inafanya kazi! Niliunguza chipu ya kwanza kwa lehemu, Mungu anisamehe. Ya pili ikawaka. Sanduku nimelichonga kwa mti mwepesi, refu kama mche wa sabuni, taa ishirini na saba katikati. Tumelijaribu Jumapili baada ya kazi za shamba, na kufikia saa kumi duka langu lilikuwa limejaa hata mwizi angeshindwa kuingia.

Nyasani hajafungwa. Nasema hajafungwa na mtu yeyote. Walimu wamekuja, karani wa kiwanda cha chai amekuja, madereva wa lori, wote anawapiga. Anakaa upande wa kushoto, ameunyosha mguu wake mbovu, na vidole vyake vinakimbia kama alivyokuwa akikimbia yeye. Anasema taa zinamtii. Mama alisimama mlangoni akamwangalia anavyocheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba. Nadhani alilia.

Sasa habari imefika Marani. Ogari mwenyewe ameshuka na wenzake mara mbili. Mara ya kwanza alifungwa tisa bila. Alimshika Nyasani kooni akamsukuma ukutani, nami nikampiga Ogari kwa ubao mgongoni. Wakatoka. Mara ya pili alikuja na adabu, akafungwa saba bila, akaondoka, lakini huko njiani wenzake walimng'oa meno mawili kijana wa kwetu. Wa kwetu nao Jumatatu wakamngoja mtu wa Marani kwenye daraja. Alirudi kwao akitambaa.

Unaona tunavyoishi. Lakini laiti ungeuona uso wa mdogo wangu.

Jambo dogo la kifundi. Sijaona aliyekaa kulia akishinda, hata wakicheza wengine bila Nyasani. Labda ni bahati tu. Umewahi kuliona hilo huko?

Walter Mogire


Manchester
29 Juni 1978

Mogire,

Nimefurahi mno. Nimewasomea barua yako wenzangu wa bweni, nikiwatafsiria, na wamepiga makofi kwa ajili ya Nyasani.

Kuhusu pande, wachezaji wana mazoea yao, si ajabu. Waambie wabadilishane kila mchezo, kama mpira wa kweli, kila mtu afurahi. Na usiruhusu mashindano makubwa. Ni kichezeo. Mambo ya meno na madaraja yananitia hofu.

Angalia kama waya wa kitufe cha kulia haujalegea.

Adoyo


Mosocho
20 Agosti 1978

Dada Adoyo,

Samahani kwa kimya. Nyasani ameumia kidogo shambani, aliteleza na panga. Yuko hospitalini, anaendelea vizuri.

Waya haukuwa umelegea.

Usitume chipu nyingine. Kazi ni nyingi, nitakuandikia nikipata nafasi.

W. Mogire


Mosocho
3 Septemba 1978

Kwa Adoyo,

Mimi ni Bathsheba, dada mkubwa wa Mogire na Nyasani. Anwani yako nimeitoa kwenye kopo la kahawa. Mogire hajui ninakuandikia. Najua amekudanganya kwa sababu barua aliiacha mezani kabla ya kuifunga.

Nyasani hakuteleza na panga. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, kwa maana nilikuwepo.

Jumapili ya tarehe kumi na tatu vijana walipanga mchezo wa mwisho pale Nyakoe sokoni, Mosocho na Marani. Nilikwenda kwa sababu mama alinituma nikawatazame. Watu walikuwa kama mia tatu, wengine juu ya miti, wengine juu ya mapaa ya vibanda. Meza iliwekwa katikati. Nyasani kushoto, Ogari kulia, Mogire amesimama kati yao kama refa.

Wakacheza. Nyasani akafunga matano. Ogari akasimama akasema, "Tubadilishane upande." Nyasani akasema, "Hata ukikaa mbinguni nitakufunga." Lakini alitaka kuhama, nilimwona ameanza kuinuka. Ni Mogire aliyemgusa bega akamrudisha kitini. Akasema, "Sheria ni moja, aliyeanza kushoto amalize kushoto." Sheria hiyo hatukuwa tumeisikia.

Wakaendelea. Ogari akaanza kupiga kelele. "Nabonyeza, haisikii! Fundi, tazama kidole changu, nabonyeza!" Akamwonyesha Mogire mbele ya watu wote. Na Mogire akasema kwa sauti kubwa, "Mashine haina kosa. Kidole chako ndicho kizito."

Soko zima likacheka. Nyasani akacheka kuliko wote. Akamwambia, "Mikono yako ni ya kukatia matumbo ya mbuzi tu, rudi nayo buchani."

Ogari akaondoka. Tukadhani yamekwisha. Watu walikuwa wamembeba Nyasani juu, wakamshusha, wakampa tena ile mashine aishike wamwone. Aliishika kwa mkono wa kulia, ameuweka mezani. Ogari akatoka katikati ya watu akiwa na lile panga fupi la buchani. Hakukimbia, alitembea tu. Akasema, "Tuone sasa nani ana mikono," akashusha.

Ulitoka kwa pigo moja. Adoyo, mimi ni mwalimu, nina maneno ya mambo mengi, la hilo sina. Vidole vilikuwa bado vimeishika ile mashine, na taa zilikuwa zinawaka. Nyasani aliutazama mkono ule kama wa mtu mwingine. Kisha damu ikaruka ikanipata usoni. Nilivua kitambaa cha kichwa nikamfunga, nikakaza kwa meno.

Nyuma yangu ikawa vita. Vijana wa kwetu waliwaangukia wa Marani kwa mawe, kwa miti ya vibanda, kwa chupa. Mtu mmoja alitobolewa jicho. Mwingine, mzee tu aliyekuja kununua chumvi, alikanyagwa akafa baada ya siku mbili. Ogari alipenya akatoroka. Polisi wanasema wanamtafuta, lakini nchi nzima iko kwenye maombolezo ya Rais na redio zinapiga nyimbo za msiba tu, hakuna anayetafuta mtu.

Nyasani yuko hai. Hajalia hata mara moja. Anasema, "Angalau nilimfunga." Hilo ndilo neno linalomweka hai.

Sasa sababu ya kukuandikia. Mogire hali chakula. Ameivunja ile mashine kwa nyundo. Kila jioni ananoa panga, na nikimuuliza anasema nikuulize wewe. "Muulize Adoyo, yeye ndiye aliyeandika programu." Ninakuuliza, basi. Ni kitu gani unachokijua?

Bathsheba Nyanchama


Manchester
17 Septemba 1978

Mogire,

Bathsheba ameniandikia. Usimkasirikie.

Zile chipu hazikubaki. Zilikataliwa. Nilipokuwa naandika programu, nilifika mwisho wa zile amri elfu moja na ishirini na nne nikiwa bado na kazi. Prosesa ile ndogo haiwezi kusikia vitufe vyote kwa pamoja. Inauliza kimoja kimoja. Inauliza kushoto kwanza: umebonyezwa? Ukisema ndiyo, inafanya kazi hiyo na kurudi mwanzo. Kulia hakuulizwi kabisa mpaka kushoto kunyamaze. Kumrekebishia wa kulia kulihitaji amri kama kumi na mbili. Nilikuwa na nne.

Mzee wa tumbaku alisema tuchukue prosesa kubwa kidogo. Mkubwa wa kiwanda akasema ni ghali. Mimi nikasema, iache hivi, watu hawabonyezi wakati mmoja mara nyingi, hakuna atakayegundua. Mimi ndiye niliyesema. Watoto wa kwanza waliopewa waijaribu waligundua kwa nusu saa. Walipigana. Mmoja alimuuma mwenzake shavuni. Kiwanda kikazifungia chipu zote kabatini, nami nikakutumia tatu bila ruhusa, kwa sababu ulikuwa umeomba na nilitaka programu yangu iwake mahali fulani.

Uliponiuliza juu ya upande wa kulia nilijua papo hapo. Nilikuandikia habari ya waya uliolegea ili nisikuandikie habari yangu.

Nakuomba kitu kimoja. Ogari alikuwa anabonyeza kweli. Alichofanya hakina msamaha wangu wala wako, lakini alikuwa anabonyeza. Usiende Marani. Weka panga chini. Waambie watu kosa ni langu, na ukiwaambia, nitathibitisha.

Adoyo


Rumande, Kisii
22 Oktoba 1978

Adoyo,

Barua yako ilifika dukani siku ya Jumatano. Mimi nilikwenda Marani Jumatatu. Bathsheba ameniletea huku, nimeisoma nikiwa nimeegemea ukuta kwa kuwa siwezi kukaa.

Usijibebeshe mzigo wote. Nilijua. Nilijua tangu mwezi wa Julai. Nilifunga mlango wa duka, nikabonyeza kushoto kwa mkono mmoja na kulia kwa mwingine, mara hamsini. Kulia hakukuitika hata mara moja. Ningeweza kumwambia Nyasani. Ningeweza kuiweka mashine rafu ya juu nikasema imeharibika. Lakini alikuwa ameanza kunyoa ndevu zake tena, Adoyo. Alikuwa anaamka na kuchota maji ya mama. Nikasema moyoni, mtu huyu alivunjwa mguu akaambiwa ni mpira, na wao waonje kidogo. Kwa hiyo kila mchezo nilihakikisha amekaa kushoto. Ogari aliponionyesha kidole chake pale Nyakoe, nilikiona kikibonyeza. Nikamwambia ni kizito.

Nilimpata kwa mjomba wake, bondeni, anakata majani ya ng'ombe. Aliponiona hakukimbia. Alikuwa na mundu, mimi nina panga. Tulipigana kwenye tope kama nguruwe. Alinichana paja, nikamkata begani, akaanguka chali kijitoni, maji yakawa mekundu. Nikamkalia kifuani. Hapo nilikuwa nimemaliza, naapa. Nilitaka kumwinua nimpeleke polisi.

Akanitazama akasema, "Mogire, niliibonyeza. Wewe ni fundi. Wewe unajua niliibonyeza."

Nikampiga tena. Kwenye bega lile lile, karibu na shingo. Pigo la kwanza lilikuwa la Nyasani. La pili lilikuwa langu, nilitaka tu anyamaze.

Watu walinikuta nimekaa pembeni yake. Walinivunja mbavu tatu na taya, na wangenimaliza kama naibu wa chifu asingenilalia juu. Hata yeye alipigwa rungu. Ogari yuko hai. Mkono hauinuki na madaktari wanasema hautainuka.

Hapa rumande wananiita shujaa. Wafungwa wa kwetu wananiachia blanketi nzuri. Nataka kusimama mahakamani niseme ukweli, lakini nani atamwamini fundi wa Mosocho kwamba kisanduku cha taa kinapendelea upande? Watasema nimepigwa kichwani. Wewe ulisema utathibitisha. Je, bado unasema hivyo? Najua ulizitoa chipu bila ruhusa. Najua watakufukuza. Ukinyamaza nitaelewa.

Nyasani hajui lolote. Bado anasema angalau alimfunga.

Mogire


Manchester
8 Novemba 1978

Mogire,

Nimekwenda kwa mkubwa wa kiwanda nikiwa na barua yako mkononi. Nilimwambia kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatia sahihi karatasi ya kukataliwa kwa zile chipu, yenye tarehe na sababu, kisha akatia sahihi ya kuniachisha. Chuo nacho kimenisimamisha. Nitarudi nyumbani mwaka ujao.

Karatasi hiyo iko ndani ya bahasha hii. Na maelezo yangu, kurasa mbili, nimeyaandika kwa Kiingereza cha hakimu na kwa Kiswahili. Ya Kiswahili si ya mahakama. Ni ya Nyasani. Msomee mwenyewe. Asiyasikie kwa mtu mwingine.

Adoyo


Mosocho
4 Machi 1979

Adoyo,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kukuandikia jambo lililokwisha.

Kesi zilisikilizwa siku moja, Ogari kwanza, Mogire baadaye. Mogire aliomba kuzungumza katika kesi ya Ogari. Wakili wa serikali alishangaa, kwa sababu aliomba kuzungumza upande wa Ogari. Akasimama na taya lake lililopinda, akaeleza mashine, akatoa karatasi yako. Hakimu aliisoma mara mbili. Akauliza, "Kwa hiyo mshtakiwa alikuwa akibonyeza?" Mogire akasema, "Alikuwa akibonyeza, nami nilimwona."

Ogari alipiga ukingo wa kizimba kwa mkono wake mzima, mara nyingi, mpaka askari wakamshika. Alikuwa analia kama mtoto aliyeambiwa mama yake amepatikana. "Nilisema! Si nilisema?" Hakimu akamwambia kwamba ukweli wa kitufe haumpi mtu ruhusa ya panga. Miaka sita. Mogire minne.

Watu wa kwetu walitoka nje wakimtemea mate Mogire kwenye lori la magereza. Wale wale waliomwita shujaa. Siku ya pili duka lake lilichomwa, na redio za watu zilizokuwa ndani. Hatujui ni wa Marani au wa Mosocho. Nadhani ni wa Mosocho.

Nyasani hakuwa amekuja mahakamani. Mogire alikuwa ameniomba nimlete gerezani, amsomee kurasa zako. Nilimleta. Wakakaa kwenye benchi, askari katikati. Mogire akasoma mpaka mwisho, hakuruka hata neno. Nyasani akauliza, "Hata yale matano ya Nyakoe?" Mogire akasema hajui ni yapi yalikuwa yake na yapi ya mashine. Hakuna anayejua.

Nyasani hakuwa amelia alipokatwa mkono. Alilia hapo. Kisha akasimama, akampiga kaka yake kofi kwa mkono uliobaki, kwenye lile taya bovu, likatoa mlio. Akampiga la pili. Askari aligeuka akatazama dirishani. Mogire hakuinua mikono. Nyasani akatoka. Zikapita wiki tatu.

Jumatatu iliyopita akaniambia, "Twende Marani."

Nikasema, "Watakuua."

Akasema, "Niliwacheka wale watu wote, Bathsheba. Mmoja nilimcheka akiwa anasema kweli."

Tulikwenda kwa miguu. Anachechemea, ilituchukua tangu asubuhi mpaka jua la mchana. Njiani vijana walitufuata wakiokota mawe. Jiwe moja lilinipata kisogoni, lingine lilimpata yeye mgongoni, hakugeuka. Tukafika kwa mama yake Ogari. Ni mjane, jina lake Nyanchera, yuko na wajukuu tu. Alikuwa anatwanga wimbi. Alipomwona Nyasani, alimjua kwa mkono.

Nyasani akasema, "Mama, nimekuja kukuambia mwanao hakudanganya. Alikuwa anabonyeza. Mashine ndiyo iliyodanganya, na kaka yangu, na mimi nikamcheka."

Yule mama aliinua mchi akampiga nao. Ulimpata begani, akapiga goti. Akampiga tena, mgongoni. Mimi nilipiga kelele, vijana wenye mawe wamesimama uani wanatazama. Akainua mara ya tatu, na Nyasani akiwa amepiga magoti pale chini, ameegemea kile kigutu chake, mchi ulibaki juu. Ulibaki juu muda mrefu. Kisha akauweka kinuni.

Akamuuliza, "Mkono wako ulizikwa wapi?"

Nyasani akasema, "Sijui, mama. Hospitali waliuchukua."

Akasema, "Mkono wa mwanangu bado uko, unaning'inia tu. Nilikuwa nadhani mimi ndiye mwenye bahati mbaya."

Akawafukuza wale vijana kwa maneno ambayo sitayaandika. Akatuingiza ndani. Akapika obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga. Chakula kilipokuwa tayari, mjukuu alileta birika na karai. Mimi nikanawa. Nyasani akanyoosha mkono wake, maji yakamwagika juu yake, akabaki ameunyoosha vile vile, kwa maana mkono mmoja haujinawishi, na nyumbani ni mama anayemsaidia, na hapo aliona haya kuniita.

Mama Ogari akaweka birika chini. Akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akausugua kiganja, akapitisha vidole katikati ya vidole, kimoja kimoja, akaufuta kwa leso yake.

Akamwambia, "Kula."

Bathsheba Nyanchama